Mnyoo Aliyepewa Jina la Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninaomba barua hii ikukute umekaa kwenye cherehani yako mgongo ukiwa umenyooka kama alivyoagiza daktari, wala si umejikunja juu ya kola ya mtu kama ninavyokujua. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia umekataa kulipaka dawa kwa sababu inanuka na wateja watadhani harufu inatoka kwenye nguo zao. Lipake tu, baba. Wateja wako wamekuvumilia mengi. Mimi ni mzima, kile kifua kilichonisumbua kimepona, na chumba changu sasa kina pazia nililolishona mwenyewe. Pindo limekwenda upande kidogo, lakini ukisimama mlangoni huoni.

Mama, shikamoo na wewe, maana najua aliyeifungua bahasha hii ni wewe. Isome, kisha mpe mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu yako, baba, haina siri. Unailaza juu ya meza ya kukatia, unafungulia sauti yote, unaendelea na mkasi wako, na kinyozi wa mlango wa pili anamwacha mtu na nusu kichwa anakuja kusikiliza. Mara ya mwisho aliniuliza mbele yenu wote tunawatofautishaje minyoo hawa mmoja na mwingine, nami nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Kwa hiyo naomba barua hii uisome kule nyuma, kwenye mabaki ya vitambaa, mlango umefungwa. Ina jambo.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu nasikia unaieleza kwa wateja na kuitia chumvi. Si kweli kwamba napambana na minyoo wanaokula watu. Wangu hawajamla mtu yeyote. Wanaishi kwenye matamvua ya samaki wa mitoni na mabwawani. Wewe ukisikia matamvua unafikiria shali. Mimi nafikiria vile vinyuzi vyekundu vilivyo ndani ya shavu la samaki, anavyopumulia. Mnyoo mmoja ni mdogo kuliko ncha ya chaki yako iliyochongwa vizuri. Mwili wake ni bapa, na nyuma ana kitu kama kiganja chenye kulabu ndogo kumi na nne pembeni na mbili kubwa katikati, na hizo kubwa zimeshikana kwa ufito kama henga ya koti. Hapo ndipo anapojishikiza, maji yapite yanavyopita. Sisi tunamtoa kwa sindano, tunamlaza kwenye kioo, tunamfunika kwa kioo kingine chembamba, na kumpima kwenye hadubini. Ukubwa wa kulabu na umbo la ufito ndivyo vinavyotuambia huyu ni wa spishi gani. Kuna na kiungo kingine tunachokitazama, tena ndicho muhimu kuliko vyote, lakini hicho ndicho kingekuwa jibu la lile swali la kinyozi, nami siwezi kukiandika katika barua ya kwenda kwa baba mzazi.

Kwa kazi hii ninahitaji vichwa vya samaki, na vichwa tu. Muuza samaki wa sokoni ananiwekea kwenye ndoo, ananipa pole kila siku, nadhani anaamini ndicho chakula ninachokimudu. Paka watatu wananisindikiza mpaka geti la chuo. Mama mwenye nyumba wangu ameniomba kwa adabu niwe nalifulia koti langu uani. Hayo nakuambia ili usifikiri kwamba huku nimekuwa mtu mkubwa.

Sasa nije kwenye mnyoo wako.

Unakumbuka nilivyoondoka dukani. Sikuondoka vizuri. Ulikuwa umeshaandika kwenye kibao “Fundi na Binti”, rangi haijakauka, nami nikakuambia nimepata nafasi ya kusoma na ninakwenda. Ulichukua kitambaa ukaifunika cherehani yangu, ukarudi kukata suruali ya mwalimu mkuu. Ningependa ungenigombeza. Kile kitambaa nimekaa nacho kifuani miaka minne.

Katika kazi yetu kuna desturi moja. Mtu akigundua spishi ambayo haijawahi kuandikwa na yeyote, ndiye anayeipa jina. Haruhusiwi kwa heshima ya kazi kuiita kwa jina lake mwenyewe, ila anaweza kuiita kwa jina la mtu anayemheshimu. Basi nilipopata wale minyoo ambao ufito wao umenyooka kama rula, wakati spishi inayofanana nao iliyoandikwa zamani ina ufito uliopinda, sikufikiria mara mbili. Mtaa mzima unakuita Pima Tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kujifunza kazi mkononi mwako bila kuambiwa maneno hayo asubuhi, mchana na jioni. Nikaliunganisha jina, nikaongeza herufi moja mwishoni kama desturi yetu ilivyo, na mnyoo akaitwa pimatenai. Jarida likachapisha. Nikakutumia habari.

Mama alinisimulia yaliyofuata, na mbavu zikanivunjika mwenyewe chumbani. Anasema siku ya kwanza ulinuna. Ulimwuliza umenikosea nini mpaka nikuite mnyoo. Siku ya pili ulikula bila kuongea. Siku ya tatu mfamasia alikuja kuchukua suruali yake, ukamwonyesha ujumbe wangu kama mtu anayeonyesha jipu, naye akakuelezea kwamba jina kama hilo halifi, kwamba hata miaka mia mbili ijayo mtu wa mbali akiwa na hadubini atalazimika kulitamka. Mama anasema ulitoka nje, ukarudi ukiwa umevaa shati jipya.

Tangu hapo, baba, umevimba kichwa na hukujificha. Ulimwita mchora mabango akamchora mnyoo juu ya mlango, akampa meno na tabasamu, ingawa hana hata kimoja kati ya hivyo. Ulitaka picha ya hadubini niliyokutumia itundikwe chumbani, Mama akasema amelala na mume wake miaka thelathini na minane na hajaomba kuongezewa minyoo, ndipo ikaenda kutundikwa dukani karibu na kioo. Kinyozi akapata wivu, akaniomba kwa simu nimtafutie na yeye mdudu, hata mdogo. Halafu ukaanza zile lebo. Nilipoona kwamba unamtarizi mnyoo kwa mkono ndani ya kola za sare za shule, kulabu kumi na nne ndogo na mbili kubwa, hakuna iliyopungua, nilicheka mpaka machozi. Ya mwishoni hayakuwa ya kucheka.

Na sasa nasikia shule imekualika. Jumatano ijayo utasimama mbele ya wanafunzi wote uwaeleze habari za mnyoo wako, na umeshajishonea suti. Ndiyo maana barua hii nimeituma kwa mkono wa dereva wa basi ninayemfahamu, ikufikie kabla.

Unakumbuka ulivyonipigia ukiwa unatarizi zile lebo? Uliniuliza mbona kwenye picha ule ufito una vikunyanzi viwili vidogo, kimoja kila upande. Nikakujibu ni mwanga. Hukuridhika. Ulisema umevitarizi hivyo hivyo kwa sababu fundi hashoni asichokiona, lakini havijakukaa vizuri. Ukasema kola iliyokatwa kwa kupinda, ukiilazimisha kwa pasi mpaka ikanyooka, itajikunja pale pale, na hapo hata mteja asiyejua kitu atajua umeibana. Halafu ukasema neno moja, na kinyozi alikuwepo, ni shahidi:

“Hiki kitu hakikuzaliwa kimenyooka, mwanangu.”

Nilicheka. Nilikuambia uniachie minyoo, mimi nikuachie kola. Kisha nilikata simu nikakaa kwenye stuli ya maabara kama mtu aliyeitwa polisi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni kwa yule muuza samaki, nikachukua vichwa ishirini. Nilitoa minyoo wapya, nikawalaza kwenye vioo, na safari hii nilipofunika sikuweka kidole. Nilikiacha kioo chembamba kitulie chenyewe kwa uzito wake. Wote, baba, wote walikuwa na ufito uliopinda. Nilipochukua mmoja nikamkandamiza kwa kidole gumba, ufito ukanyooka mbele ya macho yangu kama rula, na vile vikunyanzi vyako viwili vikatokea pale pale ulipovitarizi.

Kwa hiyo mnyoo wako hayupo. Kuna yule wa zamani tu, aliyeandikwa na mtu mwingine kabla sijazaliwa, ambaye mimi nilimbana mno chini ya kioo. Pimatenai ni alama ya kidole gumba changu. Nimekuwa nikiitafuta namna nzuri ya kuiandika sentensi hiyo tangu Jumatatu na sijaipata, basi ichukue hivyo hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, na ungenisamehe. Ungesema ni kosa la kazi, hata wewe uliwahi kukata miguu miwili ya kushoto ya suruali moja. Lakini kuna lililo baya zaidi, na hilo hata Mama sijamwambia.

Wale minyoo wa kwanza walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja niliwabana. Nilipokuwa namwandaa wa kumi na mbili, ulinipigia simu. Huenda umesahau, ulipiga tu kunisalimia. Uliniambia kuna kijana amekuja kuomba nafasi ya cherehani ya pili, nawe ukamwambia ina mwenyewe. Ulisema hivyo kana kwamba unazungumzia mvua, kisha ukaniuliza kama nakula vizuri. Tuliongea dakika ishirini. Niliporudi kwenye meza, dawa ya kumgandishia kiooni ilikuwa imeshakauka na yule wa kumi na mbili amekwisha kugandia, hajaguswa na kidole changu. Nilimtazama. Ufito wake ulikuwa umepinda.

Niliuona, baba. Nisikudanganye kwamba sikuuona. Nilijua pale pale kwamba ama huyu mmoja ana kasoro, ama mimi ndiye mwenye kasoro na wale kumi na mmoja. Lakini jina lako lilikuwa limeshakaa kichwani mwangu, na sauti yako bado ilikuwa sikioni. Nilitaka kukupa kitu. Nilitaka kuwepo kitu duniani kitakachosema kwamba sikuondoka bure, na kwamba kule nilikokwenda nilikwenda na wewe. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye lebo ya kile kioo, “kibovu”, nikakiweka kwenye droo. Sikupima tena. Mtoto wa Pima Tena mwenyewe.

Hilo ndilo nililokuwa nalikumbuka kila ulipokuwa unanitumia picha za lebo.

Nilikwenda kwa Profesa. Nimewahi kukuambia habari zake, yule mama anayeweka miwani juu ya paji la uso kisha anaitafuta maabara nzima na sisi tunaogopa kumwambia. Nilimweleza yote, pamoja na kile kioo cha kumi na mbili. Nilijiandaa kufukuzwa, nilikuwa nimeshapanga hata sanduku. Alisikiliza, akaniambia kwamba kosa la kidole ni la kila mtu, lakini kile kioo cha kwenye droo ni changu peke yangu, na sitakaa nikisahau. Akasema nikiandika marekebisho mwenyewe, kwa jina langu, nikataja na kile kioo, nitabaki. Nikimwachia mtu mwingine aligundue kosa, asinione tena.

Kisha akafungua droo yake mwenyewe. Akatoa karatasi yenye spishi tatu alizowahi kuzipa majina ujanani mwake, na zote tatu hazikuwepo. Moja aliipa jina la mama mkwe wake. Nikamwuliza mama mkwe alisema nini alipoambiwa. Profesa akaivuta miwani machoni, akaniambia kwamba mama mkwe wake ana miaka themanini na sita, ni mgonjwa wa moyo, na mpaka leo anajua mnyoo wake ni mzima. Akaniambia nisimwige katika hilo.

Basi nimeandika. Makala ya marekebisho yatatoka mwezi ujao, na kosa langu limo lote, halijafunikwa. Lakini kuna mambo mawili nataka uyajue kabla hujakwenda kumwita mchora mabango afute mlango.

La kwanza, jina lako halifutiki. Mfamasia alisema kweli kuliko alivyojua. Kwetu sisi jina likishachapishwa, hata likiwa la makosa, haliondolewi. Linaandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina sahihi, pamoja na jina la aliyekosea, ili watu wa mbele wasirudie. Kwa hiyo miaka mia mbili ijayo yule mtu mwenye hadubini bado atatukuta pale, wewe na mimi, tumekaa mstari mmoja kwenye makosa. Kile kibao cha “Fundi na Binti” nilikikimbia, naona sasa nimekipata kwa njia nyingine.

La pili, marekebisho lazima yaseme kosa liligunduliwaje na nani. Nimeandika ukweli. Nimeandika kwamba aliyekuwa wa kwanza kuona kuwa ufito umelazimishwa ni fundi wa nguo, kwa kuangalia picha moja tu, wakati sisi wote wenye shahada tuliiangalia bila kuona, na nimekutaja kwa jina lako lote la kuzaliwa. Wahariri waliuliza kama huo si mzaha. Profesa akawajibu kwamba kwa miaka thelathini hajaona shukrani yenye haki kuliko hiyo, na kwamba ikitolewa, na jina lake litolewe. Imebaki.

Ndani ya bahasha hii, katika kile kipande cha flaneli, kuna kioo kidogo. Kifungue polepole, na usimpe kinyozi akishike. Huyo ndiye mnyoo wa kumi na mbili. Neno “kibovu” nimelikata kwa mstari mmoja, bado linasomeka, sikutaka lifutike. Kati ya wale wote ndiye pekee ambaye sikumharibu, na ni kwa sababu ulinipigia simu. Jumatano kichukue uende nacho shuleni. Mwalimu wa sayansi ana hadubini, niliwahi kuitumia mwenyewe. Vaa suti yako. Usiwaambie watoto kwamba una mnyoo. Waambie kwamba binti yako alikosea na wewe ukaona. Najua itakuwa vigumu kusema hivyo mbele za watu, kwa sababu hujawahi kunisema vibaya mbele ya mtu yeyote, hata siku ile ya kitambaa. Sema tu. Mimi nimekuruhusu, na ningependa wasikie.

Likizo ijayo nitakuja wiki tatu. Kitambaa cha ile cherehani usikiondoe, nitakiondoa mwenyewe. Sitakudanganya kwamba nitabaki, kazi yangu ni huku kwenye vichwa vya samaki, lakini kwa wiki hizo tatu nitakushonea sare zote zilizolala, nawe utanisimamia nyuma ya bega uniudhi kama zamani.

Mama, nisalimie majirani wote, na umwambie mfamasia ahsante. Kinyozi mwambie nimelisikia ombi lake, na kwamba nimepata mnyoo mwingine wa ajabu kidogo. Nimeshampima mara arobaini bila kumgusa na bado sina uhakika, kwa hiyo asiagize bango.

Na zile lebo, baba, zilizokwisha kushonwa usizifumue, watoto hawana kosa. Ila utakapotarizi nyingine, upinde ule ufito kidogo, kama kola ya shati la mtoto wa miaka saba. Hapo atakuwa mnyoo wa kweli, ingawa si wako.

Mimi binti yako akupendaye,
wa cherehani ya pili